Siku tano Tucson katikati ya Mei: twende wapi, na tule nini sisi tusiokula nguruwe?

Mama Mhitimu

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Mwezi wa tano, panapo majaaliwa, mimi na mume wangu tutasafiri kwenda Tucson, Arizona, kuhudhuria mahafali ya binti yetu katika Chuo Kikuu cha Arizona. Sherehe yenyewe ni ya siku moja, ila tumepanga kukaa siku tano ili tuuone mji aliouishi miaka yote hii, kwani kila tukimuuliza kuna nini huko hutujibu kwa mkato kwamba kuna jua na miiba.

Mume wangu ni fundi mitambo mstaafu na hupenda sana ndege na mashine, lakini goti lake la kulia linamsumbua, kwa hiyo kukwea milima kwa miguu hatutaweza. Kutembea polepole penye njia iliyosawazishwa hakuna tabu. Mimi napenda mimea, masoko na vyakula vya wenyeji. Hatuli nguruwe, na nyama tungependelea iliyochinjwa kihalali. Tukiikosa tutaridhika na samaki, mayai na maharagwe. Nimesoma kwamba mwaka 2015 UNESCO iliiweka Tucson katika orodha yake ya miji ya upishi, ikiwa ya kwanza kutoka Marekani, nami ningependa kujua kama sifa hiyo inaonekana mezani au imebaki kwenye matangazo ya utalii.

Naomba yeyote anayeishi huko anieleze ni mahali gani asingekubali mgeni wake aondoke bila kupaona, na ni chakula gani tukitafute. Tutakodi gari, na binti ndiye atakayeendesha.

Mkaazi wa Tucson

Waalaikumu salamu, mama, na hongereni sana kwa kumfikisha binti hapo alipofika. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu Mei ni mwezi ambao mgeni akipanga saa zake vibaya ataishia kuuona mji huu kupitia kioo cha gari.

Katikati ya Mei jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na huzama baada ya saa moja ya jioni, na mchana joto hufika nyuzi 33 hadi 38 za Selsiasi. Wala msilifikirie kuwa ni joto la pwani. Hewa ya hapa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujalihisi: shati halilowi, uso haung'ai, mtu anajiona mzima, kumbe maji yanamwishia mwilini, na dalili ya kwanza ni kichwa kuuma au hasira zisizo na sababu. Kila mmoja wenu awe na chupa yake ya maji na anywe kabla ya kiu. Wenyeji hutoka alfajiri, hurudi ndani ifikapo saa nne, na hutoka tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Ninyi mtakuwa mmeamka kwa swala ya alfajiri. Mkishaswali, ondokeni papo hapo.

Kwa mpenda mimea, tarehe zenu zimeangukia pazuri kuliko mnavyodhani. Saguaro, ile kaktasi ndefu yenye mikono ambayo humea katika Jangwa la Sonora tu, huchanua kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Maua yake ni meupe, yenye moyo wa manjano, nayo hujipanga kama taji kwenye ncha ya shina na ya kila mkono. Kila ua hufunguka usiku na kunyauka alasiri ya siku inayofuata, kwa hiyo anayekwenda saa nane mchana hukuta vitambaa vilivyokunjamana, ilhali anayefika saa kumi na mbili asubuhi huyakuta wazi kabisa, nyuki na njiwa wenye mabawa meupe wakigombania nekta ambayo usiku popo walikuwa wameianza. Utakapomwona saguaro mwenye mikono, kumbuka kwamba mkono wa kwanza kwa kawaida huchelewa miaka 50 hadi 75 kutokeza. Wengi wa wale wenye mikono mingi walikuwepo kabla Arizona haijawa jimbo mwaka 1912.

Hifadhi ya Taifa ya Saguaro ina sehemu mbili, moja mashariki na nyingine magharibi ya mji, na tiketi moja ya gari hutumika siku 7 katika zote mbili. Upande wa mashariki una barabara ya lami ya mzunguko wa kilomita 13 yenye sehemu za kuegesha kila baada ya muda mfupi, jambo linalolifaa goti la mzee. Hata hivyo mimi ningewapeleka magharibi, kwa kuwa huko saguaro zimesongamana zaidi na kwa kuwa karibu yake lipo Arizona-Sonora Desert Museum, ambalo ndilo jibu langu la swali lako la kwanza. Msidanganywe na jina la makumbusho, kwa maana sehemu kubwa yake iko nje, na ni bustani ya mimea, ya wanyama na ya madini kwa pamoja, iliyofunguliwa mwaka 1952. Njia zake zimesawazishwa na viti vya kupumzikia ni vingi. Anzeni na bustani ya kaktasi, kisha ingieni katika banda la ndege wavumao, ambao ni wadogo kuliko kidole gumba na hupita karibu na sikio mpaka unausikia upepo wa mabawa yao. Mfike lango linapofunguliwa, na ifikapo saa tano muwe mmeondoka.

Tahadhari moja ya huko: kuna kaktasi iitwayo cholla, ambayo vipande vyake hung'oka kwa kuguswa kidogo tu na kung'ang'ania nguo au ngozi. Msikitoe kwa vidole, maana kitahamia kwenye vidole. Wenyeji hubeba kitana, wakakipenyeza kati ya kipande na ngozi, kisha wakakirusha mbali kwa mkupuo mmoja.

Sasa chakula. Sifa ya UNESCO ina msingi, kwa kuwa bonde hili limelimwa kwa zaidi ya miaka 4,000, na baadhi ya mazao ya kale bado yanaliwa. Utafute kwanza maharagwe ya tepary, madogo, meupe au ya kahawia, ambayo watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, wameyalima tangu zamani kwa sababu hukomaa kwa mvua chache mno. Hayalainiki haraka, na hata yakiiva hubaki na kiini kinachotafunika, na ladha yake ina utamu wa mbali unaokaribia ule wa karanga. Shamba la ushirika la San Xavier, katika ardhi ya Wao'odham kusini mwa mji, huyauza yakiwa makavu. Pia kuna unga wa maganda ya mesquite, mti wa jangwani, wenye harufu ya sukari iliyoungua, na chiltepin, pilipili ya mviringo isiyozidi punje ya pilipili manga, inayowasha kwa ghafla na kutulia upesi.

Chakula cha kila siku cha hapa lakini ni cha Sonora, jimbo la Mexico linalopakana nasi, na Sonora ni eneo la ngano na ng'ombe. Chapati zao, tortilla, ni za unga wa ngano, pana kama sinia na nyembamba hata mwanga hupita. Hapa ndipo mnapopaswa kuwa macho, kwa sababu tortilla za kienyeji na maharagwe ya kupondwa hupikwa mara nyingi kwa mafuta ya nguruwe, hata pale ambapo hakuna nyama yoyote mezani. Ulizeni kila mahali kama kuna *manteca*, yaani hayo mafuta ya nguruwe. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea, na watawaambia bila kinyongo. Maharagwe mazima yaliyochemshwa ni salama zaidi kuliko ya kupondwa, ingawa nayo wakati mwingine hutiwa vipande vya nguruwe, kwa hiyo swali haliepukiki.

Hotidogi ya Sonora, ambayo kila mtu atawaambia mkaile, huviringishwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kabla ya kukaangwa. Hiyo iacheni ilivyo.

Dereva Mstaafu

Mkaazi amesema vizuri, ila ameusahau mlima, nami siwezi kukubali hilo. Mama, mchana wenu mmoja wa joto kali mpandeni Mount Lemmon kwa gari. Kilele chake kina mita 2,792, nao ulipewa jina la Sara Plummer Lemmon, mtaalamu wa mimea aliyefika juu mwaka 1881, jambo ambalo nadhani litakupendeza. Barabara ni ya lami yote, kilomita zipatazo 43 kutoka ukingo wa mji hadi kijiji cha Summerhaven, na inachukua kama saa moja. Mnaanza kati ya saguaro. Baada ya kona kadhaa saguaro zinakoma kana kwamba zimekatazwa kuvuka. Inafuata mialoni, kisha misonobari, na mnaposhuka garini huko juu mtahitaji sweta. Tofauti ya joto na mjini huweza kufika nyuzi 15. Simameni Windy Point, ambapo kutoka maegeshoni hadi kwenye miamba ya kutazamia bonde ni hatua chache tu.

Jazeni petroli kabisa kabla ya kuanza kupanda, kwa kuwa njiani hakuna kituo hata kimoja. Na wakati wa kushuka binti atumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima. Nimewahi kunusa breki za wageni kabla ya kuliona gari lenyewe. Msishangae kuona miti iliyoungua, kwa maana moto wa mwaka 2003 uliteketeza nyumba nyingi za Summerhaven, na mwingine wa mwaka 2020 ukachoma sehemu kubwa ya milima hii ya Catalina.

Kwa mzee kuna mahali pawili. Pima Air & Space Museum ina ndege zipatazo 400, zikiwemo B-52 ya kudondosha mabomu, SR-71 ya upelelezi na ile ndege ya panga boi aliyoitumia Rais Kennedy. Nyingi zimewekwa nje kwenye jua, kwa hiyo mzianze asubuhi kisha mwingie kwenye mabanda yenye kiyoyozi. Mahali pa pili ni Titan Missile Museum, huko Sahuarita, kusini mwa mji. Wakati wa Vita Baridi, makombora 18 ya Titan II yenye vichwa vya nyuklia yalizikwa kuuzunguka mji huu, na shimo hilo moja ndilo lililobakizwa, likiwa na kombora lake la urefu wa mita 31, tupu bila shaka. Mlango wake wa zege umekazwa usisogee, ukiwa wazi nusu tu, ili setilaiti za Wasovieti ziweze kuthibitisha kwamba halirushiki tena. Ila kushuka kwenye chumba cha kuongozea ni ngazi 55, na ngazi mnazoshuka mtazipanda. Mzee aamue mwenyewe. Tiketi za ziara ya chini zinunuliwe mapema. Njiani mtakuta vibao vya barabara ya I-19 vimeandikwa umbali kwa kilomita, kitu ambacho ni nadra Marekani.

Kuhusu hotidogi sikubaliani na Mkaazi. Baadhi ya wauzaji wa mikokoteni hukubali kuikaanga soseji ya ng'ombe bila kuiviringisha, na uhondo mwenyewe umo katika mkate laini uliofumbatwa pande zote, maharagwe, nyanya, vitunguu, mayonezi na pilipili ya kijani iliyochomwa.

Mkaazi wa Tucson

Dereva, bati la kukaangia ni lilelile na mafuta ni yaleyale. Kwa mtu anayeepuka nguruwe kwa dini, kuondoa ile nyama ya juu hakusaidii kitu, na soseji yenyewe si ya kuchinjwa kihalali. Mlima nimekubali, nilikuwa nimeuwekea nafasi jioni, lakini mchana wako ni bora.

Mpishi Jangwani

Dada, mimi nimepika katika mji huu kwa muda mrefu, basi niongeze la nyama. Karibu na chuo kikuu upo msikiti, Islamic Center of Tucson, na bila shaka binti yako anaufahamu. Waumini wa hapo ndio watakaokuelekeza kwa usahihi bucha na migahawa ya halali, kwa maana orodha hubadilika na mimi nisingependa kukutajia jina ambalo mwezi ujao limefungwa. Mtakula wali, kebabu na samaki wa kuchoma bila taabu. Mji pia umepokea kwa miaka mingi wakimbizi kutoka Somalia, Kongo na Burundi, kwa hiyo msishtuke mkisalimiwa kwa Kiswahili kwenye foleni ya duka la vyakula. Wengine huuza sambusa nzuri kuliko zangu.

Vinywaji na vitamu ndivyo visivyo na mashaka, na kwa joto la Mei ndivyo mtakavyovikumbuka. Raspado ni barafu iliyoparuzwa, ikamiminiwa sharubati ya matunda halisi, na mara nyingi huongezwa vipande vya tunda na maziwa mazito. Ile ya embe yenye ndimu na unga wa pilipili iagizeni bila kusita, kwani nyumbani tumeizoea embe mbichi ya pilipili na chumvi. Kuna juisi nyekundu ya rosela wanayoiita *jamaica*, na horchata, kinywaji cha mchele na mdalasini. Sharubati ya tunda la kaktasi, ile mpungate, ni ya rangi ya zambarau inayong'aa. Hutiwa katika maji baridi ya limau, na mimi huiona nzuri zaidi kwa macho kuliko kwa ulimi.

Mkate pia. Barrio Bread huoka mikate ya hamira asilia kwa nafaka za eneo hili, ikiwemo ngano nyeupe ya Sonora, na mwokaji wake mwanzilishi alipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya upishi ya Marekani, ya mwaka 2022. Nendeni mapema, kwa sababu huisha. Chukueni mkate, jibini na zeituni, mkale Mount Lemmon chini ya misonobari, nanyi hamtahitaji kumuuliza mtu yeyote habari ya mafuta.

Kwa upande wa kutazama, nendeni Barrio Viejo saa moja kabla ya magharibi, mkatembee barabara mbili tatu tu. Ni nyumba za matofali ya udongo zenye kuta nene, zilizopakwa rangi ya samawati, waridi na manjano iliyokolea, milango ikifunguka moja kwa moja barabarani. Sehemu kubwa ya mitaa ya aina hiyo ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kujenga ukumbi wa mikutano, na yaliyobaki ni machache kuliko picha zinavyoonyesha. Watu wanaishi humo, kwa hiyo piga picha ya ukuta, si ya dirisha.

Mama Mhitimu

Mmenifurahisha, na mzee ameshaamua kwamba ngazi 55 atazishuka. Nimebakiwa na mambo mawili. Binti ametaja kanisa la kale lililo kwenye ardhi ya wenyeji wa asili. Je, wageni wa dini nyingine wanaruhusiwa kuingia, na linastahili safari ya kwenda huko? La pili, siku yenyewe ya mahafali tungependa kula pamoja na rafiki zake, watu wapatao kumi. Tutapata nafasi tu tukienda?

Mkaazi wa Tucson

Kanisa hilo ni San Xavier del Bac, kama dakika ishirini kusini mwa katikati ya mji, nami niliacha kulitaja kwa kuwa nilijua mtu angeliuliza. Padri Eusebio Kino alianzisha misheni hapo mwaka 1692, na jengo linaloonekana leo lilijengwa na Wafransisko kati ya 1783 na 1797. Ni jeupe kabisa, na mnara wake wa mashariki haujawahi kukamilishwa, hauna kuba hadi leo. Kila mtu anaruhusiwa kuingia bila kujali dini, ilimradi avae kwa staha na anyamaze, kwa sababu Wao'odham bado husali humo. Ibada ikiendelea, subirini nje. Kabla hamjaingia, tazameni juu ya mlango: upande mmoja wa mapambo kuna paka na upande wa pili kuna panya, na wazee husimulia kwamba siku paka atakapomkamata panya dunia itakwisha. Ndani ni kinyume cha nje, rangi na sanamu kutoka sakafuni hadi darini. Msiwapige picha watu bila ruhusa yao.

Nje, chini ya vibanda vya miti, akina mama wa Kio'odham hukaanga mkate bapa katika mafuta yanayochemka, ukavimba na kupata malengelenge ya kahawia, kisha huupaka asali au kuumiminia maharagwe. Ulizeni mafuta yanayotumika, mbebe dola za noti ndogo, na muule wa asali ungali wa moto.

Kuhusu siku ya mahafali, hapana, hamtapata nafasi kwa kwenda tu. Wikiendi hiyo familia za wahitimu hujaza kila mgahawa wa katikati ya mji na wa Fourth Avenue, hivyo wekeni nafasi wiki kadhaa kabla, au mkale saa tisa mchana wakati meza ziko wazi. Bei ya kwenye menyu haijajumuisha kodi ya mauzo, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 hutarajiwa. Kwa kundi la watu kumi baadhi ya migahawa huiingiza kwenye bili, basi isomeni kabla ya kulipa mara mbili. Gari liacheni hotelini siku hiyo. Treni ya mtaani ya Sun Link hupita chuoni, Fourth Avenue na katikati ya mji, na maegesho ya karibu na uwanja wa sherehe hujaa tangu mapema.

Mpangilio ningeuweka hivi: jangwa la magharibi na Desert Museum asubuhi ya kwanza, kwa kuwa miili yenu itakuwa bado kwenye saa za Afrika Mashariki, ambazo zimetangulia za Arizona kwa saa kumi mwaka mzima, na mtakuwa macho usiku wa manane mpende msipende. Ndege za Pima na mlima vitengeni katika siku mbili tofauti. San Xavier na Titan viko upande mmoja, basi vifanyeni kwa safari moja, kombora kwanza na mkate wa asali baadaye.

Dereva Mstaafu

Na mzee avae viatu vya kamba kule Titan. Kwa kandambili mimi nisingemruhusu kushuka.